Dhamana ya Mkopo wa Simu ni Majina ya Watu Wako

Matangazo ya mikopo ya simu yana ahadi mbili ambazo hazikosekani: pesa kwa dakika chache, na bila dhamana. Ya kwanza ni kweli. Ya pili ni uongo mtupu, na masaibu karibu yote ya wakopaji yanaanzia hapo. Hakuna mkopeshaji anayetoa pesa bila kitu cha kushikilia. Benki hushika hatimiliki ya shamba. Sacco hushika akiba ya mwanachama na sahihi za wadhamini wanaomfahamu. Mwenye programu ya mikopo, ambaye hajawahi kukuona wala hajui unalala wapi, hushika nambari zilizomo kwenye simu yako. Dhamana yake ni mama mkwe, meneja wa kazini, mwalimu wa darasa la mtoto, mweka hazina wa chama. Ukichelewa kulipa, anaitumia dhamana hiyo mtu mmoja baada ya mwingine.

Kenya iliingia katika biashara hii mapema kuliko nchi nyingi. M-Shwari, huduma ya kuweka akiba na kukopa kwa simu kupitia M-Pesa, ilipoanza Novemba 2012, watu walizoea haraka kukopa bila kumwona karani wala kujaza fomu. Lakini huduma ile ilikuwa na benki nyuma yake, na benki ina msimamizi. Programu zilizofuata, nyingi zikiwa za kampuni ambazo hazikuwa benki wala sacco, zilikuta uwanja hauna refa. Kwa miaka kadhaa, mtu yeyote mwenye mtaji na fundi wa programu aliweza kuwakopesha Wakenya kwa masharti aliyojitungia. Alichohitaji ni mteja abonyeze kitufe cha kuruhusu pale simu inapouliza kama programu isome majina, ujumbe na picha. Na anayebonyeza kitufe hicho usiku wa manane, mtoto akiwa na homa au karo ikiwa haijatimia, hasomi masharti. Hata wakili hasomi.

Kilichofuata sihitaji kukisimulia kwa urefu. Ujumbe ulianza kuingia kwenye simu za watu ambao hawakukopa hata ndururu: fulani ametoroka na pesa zetu, mwambie alipe kabla ya saa sita. Wengine walifunguliwa kikundi cha WhatsApp, jamaa na wafanyakazi wenzao wakaingizwa humo bila kuulizwa ili washuhudie picha ya kitambulisho chao ikiwa na maneno ya matusi juu yake. Kukopa harusi kulipa matanga, wahenga walishasema. Hawakusema matanga yenyewe aalikwe kila aliyemo kwenye simu.

Ni makosa kudhani kwamba hayo yote ni utovu wa adabu wa vijana wa kupiga simu. Kijana yule analipwa kwa kadiri anavyokusanya, amepewa orodha, na orodha hiyo ilichukuliwa siku ya kwanza kabla hujakosa kulipa chochote. Kudhalilisha ndiyo mbinu ya biashara yenyewe. Ndiyo maana sioni faida ya kubishana na anayepiga simu, wala kumwomba huruma. Tunda la mabishano hayo ni moja tu: anajua sasa kwamba simu yako inapokelewa.

Hoja yangu ni hii. Wakopaji wengi wanapoamua kulalamika, wanalalamikia jambo lisilo na nguvu, mahali pasipo na meno, na mara nyingi anayelalamika si yule mwenye kesi nzito zaidi. Matokeo yake wanachoka mapema, wanasema serikali haisaidii, na kampuni inaendelea.

Tuanze na jambo lenyewe. Lalamiko la kwanza kinywani mwa mkopaji huwa ni riba. Ana haki ya kuumia. Tuseme programu inakuandikia mkopo wa shilingi 5,000, inakata ada mapema unapata 4,000 mkononi, na baada ya siku saba inataka 5,000 zake. Umelipa robo ya pesa uliyopewa kwa wiki moja. Ni unyang'anyi kwa macho ya kawaida, lakini kisheria nchini Kenya ni uwanja wenye utelezi. Kiwango cha juu cha riba kilichowekewa benki mwaka 2016 kilifutwa Novemba 2019, na hakikuwahi kuzigusa programu hizi. Ukienda na lalamiko la riba peke yake utaulizwa kama ulikubali masharti, na ulikubali. Unaweza kushinda ikiwa ada hazikuonyeshwa kabla ya kukopa, kwa kuwa kanuni zinataka gharama zote zifichuliwe, lakini hapo unapigania nini kilichoandikwa kwenye skrini ambayo imeshabadilika mara kumi tangu siku ile.

Sasa linganisha na lalamiko la pili, lile ambalo wengi huliona dogo kwa sababu halina tarakimu: waliwapigia watu wangu. Hapa sheria imesema waziwazi. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya kuhusu wakopeshaji wa kidijitali, zilizotangazwa Machi 2022, zinakataza vitisho na matusi wakati wa kudai deni, zinakataza kuwapigia au kuwaandikia watu waliomo kwenye simu ya mteja bila idhini, na zinakataza kuchapisha habari za mteja mtandaoni ili kumwaibisha. Hakuna mahali kanuni hizo zinaposema kwamba ulinzi ni wa aliyemaliza kulipa tu.

Nasisitiza hilo kwa sababu ndilo linalowanyamazisha wengi. Dawa ya deni kulipa, tumefundishwa tangu utotoni, na mtu mwenye deni hujiona hana uso wa kumshtaki anayemdai. Deni ni jambo moja na namna ya kulidai ni jambo jingine. Ukiandika barua ya malalamiko, kiri deni lako katika sentensi ya kwanza. Sema ulikopa kiasi gani, ulilipa kiasi gani, umebakisha kiasi gani kwa hesabu yako, na omba taarifa kamili ya mkopo: pesa zilizotolewa, riba, ada, faini na tarehe zake. Mkopaji anayekana deni analolijua humpa mkopeshaji nafasi ya kugeuza shauri lote kuwa la mdaiwa mkorofi. Anayelikiri humnyima silaha hiyo, na kinachobaki mezani ni mwenendo wa kampuni.

Kuhusu mahali pa kulalamika, sehemu mbili hupendwa kuliko zote: kituo cha polisi na mitandao ya kijamii. Polisi wana kazi yao pale ambapo mtu ametishiwa kupigwa au kuuawa, au picha yake imesambazwa kwa nia ya kumtesa. Hapo ripoti iandikwe na nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo) ichukuliwe, maana sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 inautambua unyanyasaji wa aina hiyo kuwa jinai. Lakini kwa simu ishirini za asubuhi na ujumbe wa kejeli, afisa wa zamu atakuuliza kwa nini hulipi. Mitandaoni nako utapata watu mia wa kukuhurumia na kumi wa kukucheka. Kampuni itakutumia ujumbe wa siri kukuomba ufute ulichoandika, na hapo ndipo shauri linapoishia, bila faili lolote kufunguliwa popote.

Polisi wanahusika pia kwa namna nyingine, kama kinyago cha kutishia. Ujumbe unaosema maafisa wako njiani kukukamata ni wa kawaida sana, na ni wa uongo. Kushindwa kulipa mkopo ni shauri la madai. Anayekudai ana mlango wake wa halali: Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na kwa sheria inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Jela ya madai ipo katika sheria ya Kenya, lakini huja baada ya hukumu na baada ya mdaiwa kuitwa ajieleze. Hata hiyo imepingwa: mwaka 2010 Jaji Martha Koome, ambaye sasa ni Jaji Mkuu, akiwa Mahakama Kuu alisema kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kulipa deni la mkataba kunakwenda kinyume na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Kenya imeuridhia. Majaji wengine baadaye wametofautiana naye katika upana wa jambo hilo. Ila hakuna jaji yeyote aliyewahi kusema kwamba karani wa programu anaweza kutuma gari la polisi kwa shilingi 3,000.

Nije kwa mlalamishi mwenyewe, maana hapa ndipo penye utajiri.

Katika kila shauri la aina hii kuna watu wawili walioumizwa. Yupo mkopaji, na yupo yule aliyepigiwa simu: dada, bosi, rafiki wa zamani wa chuo ambaye hata hakumbuki ni lini mlizungumza mara ya mwisho. Kwa desturi yetu mtu huyu wa pili huona aibu kwa niaba ya mwenzake, hulipa ili yaishe, au hukasirika na kumpigia mkopaji simu amkaripie. Hajui kwamba kati ya wote wawili yeye ndiye mwenye kesi safi. Hakukopa. Hakusoma masharti yoyote wala kubonyeza kitufe chochote. Kampuni haina mkataba naye, na haiwezi kumwambia alikubali.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imejengwa kana kwamba ilimtarajia. Inataka taarifa za mtu zichukuliwe kwake mwenyewe, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Inataka aelezwe kwamba taarifa zake zinachukuliwa, na ni kwa kazi gani. Inampa haki ya kupinga zisitumike na kudai zifutwe. Mkopaji aliyeandika jina la shangazi yake kama mdhamini hajatoa idhini ya shangazi. Idhini ni ya mwenye nambari. Na sheria inatambua kwamba madhara yanaweza kuwa dhiki ya moyo tu, si lazima mtu awe amepoteza pesa, ndipo astahili fidia.

Haya si maneno ya vitabuni. Aprili 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, inayoongozwa na Immaculate Kassait tangu mwishoni mwa 2020, iliitoza kampuni ya Whitepath faini ya shilingi milioni 5 baada ya malalamiko mengi kwamba nambari zilichukuliwa kwenye simu za wakopaji na wenye nambari hizo wakatumiwa ujumbe. Septemba mwaka huohuo ilikuwa zamu ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash: shilingi 2,975,000, kwa kutumia majina na nambari zilizopatikana kwa watu wengine ili kupiga simu na kutuma vitisho. Tangu hapo ofisi hiyo imetoa maamuzi mengine kadhaa kwa watu waliotajwa kama wadhamini bila kuulizwa, na katika baadhi yake imeamuru walalamishi walipwe fidia. Maamuzi huchapishwa. Anayeandaa lalamiko anaweza kuyasoma na kutaja lile linalofanana na lake, jambo ambalo watu wachache hulifanya na ambalo hulifanya lalamiko kuwa gumu kupuuzwa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayedhalilishwa na programu unaweza kuonekana wa kinyume: usianze kuwaficha watu wako, waombe wawe mashahidi. Najua ni vigumu. Kumwambia mkuu wako wa kazi kwamba ni kweli ulikopa, na kwamba unaomba picha ya skrini ya ujumbe aliotumiwa, kunahitaji moyo. Lakini siri imeshatoka. Kampuni ndiyo iliyoitoa. Unachookoa kwa kunyamaza ni kidogo, na unachopoteza ni ushahidi ambao simu yako mwenyewe haina. Afadhali zaidi kama mkuu huyo, au shangazi, atawasilisha lalamiko lake mwenyewe kwa jina lake. Kanuni za 2021 za kushughulikia malalamiko zinaruhusu mtu alalamike kwa mdomo, kwa maandishi au kwa njia ya mtandao, bila ada, na zinaruhusu malalamiko yanayofanana yaangaliwe pamoja. Malalamiko manne kuhusu kampuni moja, kutoka kwa watu wanne waliopokea maneno yaleyale siku ileile, yanaonyesha utaratibu wa kampuni. Moja huonyesha tu kwamba karani alikasirika.

Kuhusu ushahidi wenyewe, yako mambo machache ambayo hukosekana katika mafaili ya watu na ambayo hugharimu. Picha ya skrini ionyeshe nambari iliyotuma, tarehe na saa. Watu hukata picha ili iwe nadhifu na kukata humo humo kila kilicho na thamani. Orodha ya simu zilizopigwa ipigwe picha kabla haijajifuta. Usifute ujumbe wa matusi kwa hasira. Masharti ya mkopo yahifadhiwe siku unayokopa, pamoja na ujumbe wa M-Pesa ulioingiza pesa, kwa sababu unataja jina la aliyetuma, na jina hilo mara nyingi si la programu.

Hapo pana mtego unaostahili maelezo. Programu ina jina la kuvutia, la kwenye matangazo. Nyuma yake ipo kampuni yenye jina jingine kabisa, na wakati mwingine kampuni moja ina programu tatu. Orodha ya Benki Kuu ya waliopewa leseni hutaja kampuni. Mtu hutafuta jina la programu kwenye orodha, halioni, anasema hawa ni matapeli. Au analiona linalofanana, anasema hawa ni halali. Vyote viwili vinaweza kuwa makosa. Tafuta jina la kampuni kwenye ukurasa wa programu katika duka la programu za simu, kwenye sera ya faragha, na kwenye ujumbe wa malipo, ndipo ulilinganishe na orodha. Lalamiko lililoandikwa kwa jina lisilo sahihi hutangatanga miezi.

Leseni nayo isichukuliwe kuwa cheti cha tabia njema. Benki Kuu ilipotoa leseni za kwanza Septemba 2022, waombaji 10 kati ya 288 ndio waliofaulu. Katikati ya 2025 waliokuwa nazo walishapita 100. Leseni inamaanisha kuna mtu anayeweza kunyang'anywa kitu, na hiyo ndiyo thamani yake kwa mlalamishi: kampuni yenye leseni ina kitu cha kupoteza. Isiyo nayo ina nambari za simu za kutupa tu. Kwa ile ya kwanza, mwandikie mkopeshaji mwenyewe kwanza, kwa maandishi, umpe muda maalumu. Akikaa kimya, kimya chake ni sehemu ya ushahidi. Kisha peleka suala la data kwa Kamishna na nakala kwa Benki Kuu. Sheria inamtaka Kamishna amalize uchunguzi ndani ya siku 90, kwa hiyo andika tarehe uliyowasilisha na ufuatilie bila haya. Kwa isiyo na leseni, usipoteze wiki ukiiandikia. Nenda moja kwa moja kwa Kamishna na Benki Kuu, na uripoti programu hiyo dukani pia, maana tangu 2023 Google inadai wakopeshaji wa Kenya waonyeshe leseni au uthibitisho kwamba wameiomba.

Na usilipe kwenye nambari binafsi ya anayekupigia simu, hata akiapa kwa jina la mama yake kwamba atakupunguzia nusu. Lipa kwenye paybill ya kampuni, yaani nambari yake rasmi ya malipo, au usubiri upewe taarifa ya mkopo uliyoomba.

CRB, yaani kampuni zinazotunza rekodi za wakopaji, nitaipita haraka kwa sababu hofu yake ni kubwa kuliko ukweli wake. Tangu 2020 deni lisilozidi shilingi 1,000 haliruhusiwi kukuandikisha kama mdaiwa mbaya, na mkopeshaji hana budi kukuarifu kabla ya kupeleka jina lako. Una haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka na kupinga kilichomo ikiwa ni kosa. Zaidi ya hapo, kuandikishwa kwa deni la kweli ambalo hujalipa ni njia halali ya mkopeshaji, na sioni ubaya wake. Afadhali CRB mara kumi kuliko kikundi cha WhatsApp.

Ng'ambo ya mpaka, Tanzania inapambana na ndugu wa tatizo hili mwenye umri mkubwa zaidi. Mikopo inayoitwa kausha damu haikuanzia kwenye simu. Ilianzia kwa watu wanaowakopesha walimu na watumishi wengine huku wakishikilia kadi ya benki na namba ya siri, ili siku ya mshahara mkopeshaji awe wa kwanza kwenye mashine. Huo ni mkopo wa mshahara kwa maana kamili. Programu zilipoingia, zilikuta njia imeshatengenezwa na zikabadilisha tu kinachoshikiliwa. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2024, na Novemba mwaka huo ikatangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na tume yake ikazinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Tofauti moja inawapendelea Watanzania: wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana za wateja, wamewekewa ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi, kwa hiyo kule lalamiko la riba lina pa kushika, mradi mtu ahesabu na ada zilizopachikwa kando.

Wakopeshaji wana jibu lao, na si la kupuuzwa lote. Wanasema wapo watu wanaopakua programu kumi kwa siku moja, wanakopa kwenye kila moja, wanavunja laini na kupotea. Ni kweli, wapo, na baadhi yao hujisifu hadharani. Wanasema pia kwamba wakinyimwa njia za kudai watapandisha bei kwa wote. Lakini bei yao ya sasa imeshahesabu wasiolipa. Robo ya mkopo kwa wiki haikupatikana kwa bahati. Na aliyekopa kwenye programu kumi akiwa na nia ya kutoroka haogopi kikundi cha WhatsApp hata kidogo, pengine nambari alizoweka kwenye simu ile ni za bandia. Anayeogopa ni yule mwenye heshima ya kupoteza: muuguzi, fundi, mama wa duka aliyekosa wateja wiki mbili. Mbinu ya aibu humkamata anayenuia kulipa na kumwacha tapeli.

Kwa upande wa dola, udhaifu mkubwa ninaouona umo ndani ya sheria yenyewe. Faini ya juu kwa Kamishna wa Data wa Kenya ni shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya kampuni ya mwaka uliotangulia, na inayotozwa ni ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Umoja wa Ulaya una mizani kama hiyo, euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato, lakini kwao inayohesabika ni ile iliyo kubwa. Sisi tuliandika kinyume. Kampuni inayokopesha mamilioni ya shilingi kila siku inaweza kuiweka faini hiyo kwenye bajeti pamoja na umeme. Ndogo yenye mapato ya milioni 50 kwa mwaka itadaiwa laki 5, ambazo wakusanyaji wake wanaweza kuzirudisha kwa simu za siku chache.

Google kuzuia programu za mikopo zisisome majina na picha, agizo lililoanza Mei 31, 2023, kulifanya kazi ambayo faini haikuifanya: kulikata mrija wenyewe. Ndipo wakopeshaji wakahamia kwenye kisanduku cha kujaza kwa mkono, jina na nambari za watu wawili au watatu wa karibu, na bila hao ombi haliendi mbele. Wanaosambaza programu zao kwa viungo vya WhatsApp, nje ya duka, hawakuhitaji hata kuhama.

Marekani, ambako mikopo ya kusubiri mshahara imechunguzwa kwa miongo, sheria ya 1977 inamkataza mkusanya madeni asimfichulie mtu wa tatu habari za deni. Ila kilichonivutia zaidi kwao ni jambo la kiofisi tu: tangu 2012 shirika lao la kulinda watumiaji wa huduma za fedha limekuwa likiweka hadharani malalamiko yaliyopokelewa, yakiwa na jina la kampuni na jinsi ilivyojibu. Mteja anaweza kutazama kabla ya kukopa. Huku kwetu, Benki Kuu inatangaza nani ana leseni na Kamishna anatangaza maamuzi, lakini hakuna jedwali moja linalomwambia mtu kwamba kampuni fulani, yenye leseni safi, imelalamikiwa mara ngapi robo hii ya mwaka. Takwimu hizo zimo katika mafaili ya ofisi mbili zilizoko Nairobi. Kuzichapisha hakuhitaji Bunge, wala bajeti ya ziada ya maana. Kunahitaji maofisa wawili wenye jedwali moja na ruhusa ya wakubwa wao. Kurekebisha kipengele cha faini, hicho kitahitaji Bunge, na wabunge hawatakigusa mpaka mafaili hayo yawe mengi kiasi cha kuulizwa.